Pikipiki Niliyoichukua Mara Mbili

Mwanangu Nehemia,

Nimekaa huku bandani nyuma ya nyumba, nimepindua debe nikalifanya meza. Mama yako yumo ndani anapiga pasi mashati yako, nasikia anavyoipulizia jivu ile pasi ya mkaa. Kesho asubuhi unakwenda Bulwa kujifunza ufundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai. Habari za kula, za kulala, za kanisani na za marafiki mama yako ameshakueleza, na ameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Haya yangu ni mengine. Nilitaka kukuambia kwa mdomo Jumapili tulipotoka ibadani, tukiwa wawili tu njiani. Wewe ulingoja, niliona kwamba unangoja. Nikaishia kukuuliza kama viatu vinakubana.

Umekua ukijua kwamba unaye mjomba anayeitwa Elisha, ndugu wa pekee wa mama yako, na kwamba jina lake halitajwi mezani kwetu. Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza yuko wapi, nikasema alihama. Ulipokuwa darasa la sita ulirudi kutoka shule umevimba jicho kwa kupigana, ukaniuliza kama ni kweli mjomba wako alikuwa mwizi. Nikakujibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa.

Leo nakujibu. Hakuwa mwizi. Aliyemfanya aitwe mwizi ni mimi baba yako.

Miaka michache baada ya Uhuru, mzungu mmoja aliyekuwa na shamba ng'ambo ya bonde letu aliuza ng'ombe wake, akafunga nyumba, akaondoka. Alimwacha mlinzi wake, Mzee Kupaza, na kwa kuwa alikuwa hajamlipa kwa muda mrefu, alimwambia vilivyobaki stoo ni vyake. Mimi na Elisha tulikwenda kule kutafuta mabati. Mama yako alikuwa amenizalia dada yako mkubwa, na nyumba ilikuwa inavuja.

Mabati hatukuyapata. Nyuma ya rundo la mabua ya mahindi tulikuta pikipiki. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti chake, na kiti chenyewe kilikuwa kimebaki springi na manyoya. Haikufanana na zile nilizokuwa nimeziona Lushoto mjini. Ilikuwa ndefu kwenda juu, tairi zake zina meno makubwa, na bomba lake la moshi limepandishwa ubavuni ili lisiguse maji wala mawe. Ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule. Mzee Kupaza alisema bwana wake alikuwa akipanda nayo milima alipokuwa kijana, mahali pasipokuwa na barabara, akaiacha alipopata gari.

Mimi niliona chuma chakavu. Elisha alipiga magoti. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashine za kupasua mbao kule Shume, na hakuna kitu chenye nati alichokiogopa. Alipitisha kidole chini ya injini, akakinusa, kisha akaniangalia kama mtu aliyeona maji jangwani.

"Shemeji, hii haijafa."

"Imeota kutu mpaka moyoni, Elisha."

"Kutu iko juu tu. Ndani ilikuwa na oili. Shemeji, tuichukue."

Mzee Kupaza alitaka mbuzi jike na blanketi. Mbuzi alikuwa wangu, blanketi lilikuwa la Elisha. Elisha ndiye aliyesema tuandikiane. Niliandika mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kuliko wote waliokuwapo, kwamba mlinzi ametoa pikipiki kwa hiari yake na amepokea mbuzi na blanketi. Mzee akaweka dole gumba. Karatasi ile niliiweka ndani ya Biblia yangu.

Haikuweza hata kusukumwa, magurudumu yalikuwa yameshika. Tuliifunga kwenye miti miwili tukaibeba wanaume wanne, kama tunavyobeba mgonjwa kumpeleka hospitali ya Bumbuli. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchuma chai walitupisha njia, wakashusha vikapu, wakatupa pole. Mmoja akauliza mgonjwa ni nani. Elisha akajibu, "Ni mzee wa kizungu, hajala tangu vita." Walicheka mpaka wakakaa chini. Nakuandikia hili kwa sababu kijiji hiki kilimcheka na kumpenda, na sitaki umjue kwa neno lile moja tu ulilolisikia shuleni.

Kazi ilichukua zaidi ya mwaka. Ilifanyika humu humu bandani. Elisha alijaza mafuta ya taa kwenye silinda, akangoja majuma mengi pistoni ilegee, na kila jioni alikuja kuisukuma kidogo kwa kipande cha mti, bila hasira. Ndani ya kabureta nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo. Aliutoa udongo ule chembe kwa chembe. Klachi ilikuwa na vipande vya vizibo vilivyooza, basi akarudi kwa Mzee Kupaza akaomba vizibo vya chupa za mvinyo za yule mzungu, akavichonga kwa kisu cha mama yako. Gasketi alikata kwenye ngozi ya ng'ombe. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika taa, na kuandika barua Tanga kuulizia tairi, na kusafiri kuleta plagi. Nakiri kwamba nilikuwa najisikia fundi. Watu wakipita nilikuwa nashika spana.

Siku ilipowaka, Elisha alikuwa amepiga kiki mpaka mguu unatetemeka. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Akapiga tena, ikanguruma. Kuku walitawanyika, na bibi yako mzaa mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akilia kwa Kishambaa kwamba mwanawe ameungua. Elisha alimpandisha dada yake nyuma, mama yako, akiwa na kanga mbili na kilemba, wakashuka mpaka Mponde na kurudi. Sijawahi kumwona mama yako akicheka namna ile, kabla yake wala baada yake.

Miaka miwili mitatu ile pikipiki ilikuwa miguu ya kijiji. Elisha alileta dawa, alipeleka habari za msiba, alimkimbiza mtu aliyeumwa na nyoka. Hakukataa mtu. Na mimi huku, bila kujijua, nilikuwa nimeanza kusema "pikipiki yangu". Nilisema kwa sababu mbuzi alikuwa wangu. Elisha alikuwa anasikia na kutabasamu.

Kisha mambo yakabadilika, nawe unayajua kwa kuyasoma. Tukaambiwa tukae pamoja, tulime pamoja, na kila mtu aangalie asije akawa mnyonyaji. Mengi katika yale nilikuwa nayaamini, na bado naamini baadhi. Mimi nilikuwa katibu wa kijiji. Nilikuwa na meza, na kabati la bati, na watu waliniamkia mbali. Nilikuwa sijawahi kuwa mtu wa kuamkiwa mbali, mwanangu. Ilinilevya kuliko boha, ile pombe yetu ya miwa.

Akaja mgeni kutoka wilayani, akaitisha mkutano shuleni. Wewe ulikuwa umebebwa mgongoni na mama yako, umelala. Mgeni alikuwa mkali. Alikuwa ametoka kijiji cha jirani ambako katibu alikuwa ameondolewa siku hiyo hiyo mbele ya watu, kwa kuficha mali ya shamba la mzungu. Habari ile ilikuwa imetufikia kabla yake. Akauliza mashine iliyoegeshwa nje ni ya nani na imetoka wapi.

Watu wakanitazama. Mzee Kupaza alikuwa ameshafariki. Waliokuwapo tulipoandikiana tulikuwa tumebaki mimi na Elisha tu, na karatasi ilikuwa nyumbani kwangu, mwendo wa kuvuka mto mmoja. Ningesema, "Ngojeni kidogo," nikaenda nikaileta. Labda wangeichukua pikipiki na kutuacha sisi. Labda ningepoteza ile meza na lile kabati. Hayo ndiyo makubwa ambayo yangenipata.

Nikasimama nikasema, "Ndugu mgeni, mwenye nayo ni shemeji yangu. Mimi niliikuta kwake. Ilikotoka sijui."

Sikulala na maneno hayo usiku kucha nikayapanga. Yalitoka yenyewe, mepesi, kama mtu anayetaja jina lake. Ndiyo maana naogopa kukufundisha chochote kuhusu ushujaa. Nilidhani najijua, na siku ile nikajisikia nikisema kwa sauti yangu mwenyewe, tena sauti nzuri ya kusomea kanisani.

Elisha alikuwa amesimama dirishani. Mgeni akamuuliza, "Wewe, ni kweli?" Elisha akanitazama, akamtazama dada yake na wewe mgongoni. Kisha akasema, "Kama katibu amesema, sina la kuongeza."

Walimpandisha gari siku ile ile. Mama yako alikimbia nyuma ya gari mpaka kwenye daraja, nawe mgongoni umeamka unalia.

Mimi nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitaichukua ile karatasi kesho yake niipeleke Lushoto, nieleze kwamba nilichanganyikiwa. Naapa nilikuwa nimejiambia hivyo. Nilifungua Biblia, nikaitoa, nikaisoma. Nikaona mwandiko wangu, jina langu limeanza kabla ya la Elisha. Nikaitia jikoni chini ya chungu cha maharage. Nilipogeuka, mama yako alikuwa mlangoni.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Ni ile ya Mzee Kupaza?"

Nikafunika chungu.

Akasema, "Amenyamaza kwa ajili yangu, ili nisibaki na watoto bila mume. Na wewe umenyamaza kwa ajili ya nani?"

Hilo ndilo neno la mwisho alilowahi kusema juu ya jambo hilo. Ameniwekea chakula tangu siku ile mpaka leo, na maji ya kuoga, na ameniuguza nilipougua homa ya mapafu. Ila Tabitha niliyemuoa aliondoka mlangoni pale, na mimi ndiye ninayejua, kwa kuwa ninyi watoto mlikuwa wadogo mno kumkumbuka.

Mjomba wako alifungwa mwaka na zaidi. Alipotoka alikaa kwa mama yake siku mbili, kisha akateremka Muheza. Bibi yako alipofariki alikuja, akatia udongo kaburini, akaondoka bila kunywa maji. Wewe ulikuwepo. Yule mtu mrefu aliyekushika kichwa akauliza unasoma darasa la ngapi, ndiye yeye.

Pikipiki kijiji kiliitumia msimu mmoja wa mvua. Walijaza petroli tu, hakuna aliyejua kwamba lile tangi dogo ubavuni ni la oili. Injini ikashika njiani. Wakaikokota mpaka nyuma ya ofisi, na hapo ilinyeshewa miaka yote unayoikumbuka. Ukatibu nao nilinyang'anywa baadaye kwa jambo jingine, dogo kabisa, hata halifai kuandikwa.

Mwaka jana ofisi ilipotaka kupanua uwanja, walisema chuma kile kitupwe korongoni. Nikaenda nikakiomba. Wakanipa, wakanicheka. Wewe mwenyewe ulinisaidia kukikokota, ukaniuliza nataka kufanya nini nacho, nikasema nataka tu kujishughulisha. Sikukuambia ukweli hata hapo. Nilitaka kuifufua. Nilikuwa na picha kichwani: naiteremsha mpaka Muheza ikinguruma, nasimama mbele ya Elisha, naizima, nampa. Sikujua nitasema nini. Nilitumaini nisingehitaji kusema.

Umeona mwenyewe kilichotokea. Nimeifungua vipande, vimejaa juu ya magunia haya, na sasa sijui hata kipi kilitoka wapi. Nilijaza mafuta ya taa kwenye silinda kama alivyofanya yeye, nikangoja. Nikaipiga kwa nyundo siku ya nne kwa sababu sikuweza kungoja zaidi, nikavunja pezi la silinda, moja ya mbavu zile za kupozea injini. Mwaka mzima nilioshika taa nilikuwa naangalia mikono yake na sikujifunza kitu, kwa kuwa nilikuwa najifikiria mimi nilivyosimama na spana. Hili nakuomba ulisikie, maana unakwenda kujifunza kazi ile ile: nilikaa karibu na mtu anayejua, karibu kabisa, na sikumwona.

Mwezi uliopita nilipowaambia nakwenda kununua mbegu za viazi, sikwenda kununua mbegu. Nilifunga kabureta kwenye shati kuukuu nikateremka Muheza.

Ana kibanda karibu na wanapopakia machungwa. Anatengeneza baiskeli na cherehani na chochote kinacholetwa. Ameota mvi. Nilisimama foleni nyuma ya mama mwenye jiko la mchina. Zamu yangu ilipofika aliinua macho, akanijua. Niliona kwamba amenijua.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Hakusema shemeji. Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini?

"Nikusaidie nini?"

Nikafungua shati. Aliipokea ile kabureta, na mikono yake ikaitambua kabla ya uso wake. Aliifuta kwa kidole gumba pole pole. Nilidhani atasema kitu. Akachomoa uzi mmoja wa waya kwenye kebo ya breki, akauingiza kwenye tundu dogo kuliko yote, akazungusha, akapuliza, akaiinua juani akachungulia. Haikuchukua hata dakika kumi. Akaifunga kwenye gazeti, akanipa.

"Kabureta haina ubaya, mzee. Kama chombo hakiwaki, tatizo ni injini. Pistoni itakuwa imeshika."

"Sasa nifanyeje?"

"Hapo tafuta fundi."

Nikasema, "Elisha, mimi siku ile..." Akaja kijana na baiskeli iliyopinda gurudumu, na Elisha akamgeukia akamtania jinsi alivyoanguka, na sauti yake ilikuwa ile ile iliyosema mzee wa kizungu hajala tangu vita. Nilitoa hela, akazisukuma kwa kiganja. "Ni kazi ndogo, mzee. Karibu tena."

Kama angenitukana ningerudi nimelia na kupumua. Kama angenipiga ningeshukuru. Alinihudumia vizuri, kama mtu yeyote, na nilipanda basi nikiwa na kile kifurushi mapajani, nikajua kwamba kwake mimi sipo tena, hata kwa kuchukiwa.

Nilipofika nyumbani mama yako aliangalia lile gazeti. Akaniuliza, "Umemwona?" Nikasema nimemwona. "Amekuuliza habari zangu?" Nikasema hakuuliza. Na kweli hakuuliza, ila nilipaswa kuongeza kwamba mimi ndiye niliyesimama pale nikizungumza habari zangu tu, sikutaja jina la dada yake hata mara moja. Hilo nalo sikuliongeza.

Leo asubuhi ulipokwenda kumuaga mchungaji, mama yako aliniambia atakusindikiza kesho mpaka Muheza. Nikasema ni vizuri, atarudi lini. Alikuwa anakunja kanga. Akasema, "Sijui, Baba Nehemia." Hakusema kwa ukali. Ameweka ndani ya kikapu kanga zake zote na kitabu chake cha nyimbo, na kisu kile cha jikoni, kilichochonga vizibo.

Wewe hujui, amesema atakueleza njiani. Nakuandikia ili usidhani amefanya kwa hasira ya siku moja, na ili usijaribu kumrudisha. Mtoto mwema angejaribu, nawe ni mtoto mwema. Usifanye hivyo. Dada yako ameolewa, wewe unaondoka, na aliyefungwa na watoto kwa miaka yote hii amefunguka. Mimi nitawabebea mizigo mpaka barabarani, na sitasema neno la kumzuia.

Na hii pikipiki usinishauri niiuze wala niikamilishe. Siwezi kuikamilisha, nimeshajua. Itakaa hivi.

Barua hii utaisoma ukiwa umeshafika Muheza, maana naishona ndani ya mfuko wa koti lako, nami nimemwambia mama yako akuonyeshe mkishuka kwenye basi. Basi siku hiyo hiyo, kabla hujapanda gari la kwenda Bulwa, mama yako atakupeleka kwenye kile kibanda. Utamtambua mjomba wako, mmefanana paji la uso. Mwamkie kwa heshima. Atakuuliza wewe ni nani, hata kama ameshakujua.

Usimpe salamu zangu. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, maana huo ni mzigo wangu na nimeshindwa kuubeba, wewe usiubebe. Mwambie wewe ni mtoto wa Tabitha. Akikuuliza zaidi, mwambie unakwenda kujifunza ufundi. Kisha nyamaza, uangalie mikono yake.

Ni mimi,
Baba yako, Yona